Kwa kinyozi mwenye taa ya buluu

Nilimhama kinyozi wangu wa miaka sita kwa sababu ya mashilingi mawili, yale mabaka ya duara ya kuvu, yaliyomtokea mwanangu kisogoni. Siwezi kuapa kwamba aliyapata pale, lakini yule mzee alikuwa na mazoea ya kumwagia mashine spiriti kisha kuiwasha kiberiti. Mwali unapanda, watoto wanashangilia, sekunde mbili umezima. Kinachoungua ni spiriti. Chuma chenyewe hata hakijapata moto wa maana.

Huyu mpya yuko hapa Umoja, Nairobi, chini ya ghorofa, viti vitatu na sanduku jeupe ukutani lililoandikwa sterilaiza. Mkubwa shilingi 200, mtoto 100. Kazi yangu ni kusafisha vyombo vya upasuaji hospitalini, kwa hiyo nikikaa kitini siangalii kioo, naangalia mikono ya kinyozi.

Sanduku lina taa ya buluu, na wateja wanaliamini kama hirizi. Kijana alitupia humo mashine mbili na vitana vitano, vikalaliana, akafunga, baada ya dakika moja akavitoa. Miale ya urujuanimno inaua vijidudu kweli. Ile ya karibu nanomita 254 inaharibu vinasaba vyao wasizaane tena. Ila haijui kupinda kona. Kitana cha chini kilichofunikwa na cha juu hakikuguswa, na meno ya mashine yaliyojaa nywele ni vivuli vitupu. Isitoshe, miale yenyewe haionekani kwa macho. Buluu unayoiona haikuambii kama taa bado ina nguvu au ilichoka zamani. Nikamuuliza aliibadilisha lini.

"Bosi, si inawaka?"

Nilikuwa karibu kuinuka. Kumbe ndiyo kwanza anaanza. Alichukua mswaki mkuukuu, akafungua meno ya mashine, akasugua nywele zote zikatoka. Akapangusa mafuta. Kisha akanyunyiza spiriti ya asilimia 70 mpaka chuma kikaloa chapa, akaiweka kando, akaniuliza nataka namba ngapi, akapokea simu ya mkewe. Spiriti ikakauka yenyewe. Hapo nikatulia, maana wengi wananyunyiza juu ya uchafu na kuanza kunyoa papo hapo, na uchafu ni blanketi la vijidudu. Hiyo asilimia 70 pia inaishinda ile kali ya 95: yale maji kidogo yanasaidia kuvuruga protini, na yanaichelewesha kukauka. Zipo spora za bakteria, yaani bakteria waliojifungia ganda gumu, zinazoioga spiriti na kutoka salama, lakini kwa kichwa cha kunyoa sina ugomvi.

Wembe ulikuwa mpya, aliufungua mbele yangu.

Kwenye kumpa nyota, moja nimemkata kwa ajili ya taulo. La moto, linanukia limau, nikalifurahia mpaka nilipoona linatoka sufuria moja na yaliyotumiwa na walionitangulia. Akajitetea kwamba maji yanachemka. Sawa, lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi. Hata hizo zingetosha kumaliza kuvu wa mashilingi kama taulo lingekaa humo dakika kadhaa. Lake lilichovywa, likakamuliwa, likaja usoni kwangu. Kazini tunaufungia mvuke kwa presha mpaka nyuzi 121, tunahesabu dakika 15, na hakuna daktari mwenye haraka kiasi cha kufunguliwa mapema.

Kunyoa kwenyewe ni safi. Laini imenyooka, na leo siku ya tisa sina kipele hata kimoja shingoni.

Jumamosi nilimpeleka mwanangu, taulo letu nikalibeba kwenye mfuko. Kijana akacheka: "Daktari amekuja na lake!" Mimi si daktari. Nilitaka kumsahihisha, nikaona ameshika mswaki na kusugua mashine dakika nzima, nikanyamaza.