CouchDB na PouchDB kwa maduka ya Uganda: husafirisha vizuri, hesabu ni juu yako

Mfumo wa mauzo wa duka la saruji na mabati pale Mbale lazima uuze hata mtandao ukikatika, na si kwa dakika tano tu: Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kwa kazi hiyo, hifadhidata mbili zinazosawazishana, CouchDB kwenye seva na PouchDB ndani ya kivinjari cha simu, ni vigumu kuzipita. Simu huandika kwenye hifadhi yake yenyewe; mtandao ukirudi, pande mbili huulizana nini kimebadilika tangu mara ya mwisho, na kipya tu ndicho kinachosafiri. Ni bure, kila kitu hupita kwa HTTP kwenye bandari 5984. Usisahau kuwasha CORS, yaani ruhusa ya kivinjari kuongea na seva ya anwani nyingine, la sivyo kivinjari kitagoma.

Panapoharibika ni kwenye stoku. Tuseme ipo mifuko 100. Simu ya kaunta inauza 5 na kuandika 95. Ya stoo, nayo haina mtandao, inatoa 8 na kuandika 92. Zikikutana, CouchDB haijumlishi wala haipigi kelele. Inachagua toleo lenye historia ndefu zaidi ya mabadiliko. Historia zikilingana, linashinda lenye msimbo wa toleo unaokuja mwisho kwa mpangilio wa herufi. Saa haihusiki kabisa. Toleo lililoshindwa bado lipo, ila hulioni mpaka uombe waraka (rekodi) huo kwa kuongeza `conflicts=true`. Na jibu sahihi, 87, halimo katika matoleo yote mawili!

Kwa hiyo usihifadhi salio. Kila mauzo yawe waraka wake, kitambulisho kikianza na jina la simu, mfano `mauzo:kaunta1:000412`, kisha salio lipigwe na `_sum`, kijumlishi cha CouchDB chenyewe, kwenye seva. Hapo hakuna cha kugongana.

Kwenye mtandao dhaifu, punguza `batch_size`, idadi ya nyaraka zinazosafiri katika fungu moja, kutoka 100 ya kawaida hadi 20 hivi. Fungu likikatikia njiani huanza upya, na picha za risiti zikiwa ndani, bando linakwisha bila kazi kufanyika. Usawazishaji wa moja kwa moja nao hula data hata duka likiwa kimya. Kitufe cha "Tuma" kinatosha. Mwonye pia mhudumu: akisafisha data za kivinjari, mauzo ambayo hayajatumwa yamekwenda.

Ruhusa za kusoma ni butu. Aliyeingia kwenye hifadhidata anasoma yote, majina ya wadaiwa na namba zao zikiwemo, na sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda data binafsi inakuhusu. Kila tawi lipewe hifadhidata yake, seva izikusanye makao makuu.

Kwa SACCO, ambako anayetoa pesa kupita salio lake lazima akataliwe papo hapo, chukua PostgreSQL, hifadhidata ya seva inayoweza kukagua salio kabla ya kuandika.