Mafuta ya mlonge: kabla hujalipa, igeuze chupa

Jamani mwezi wa saba nimepigwa. Chupa ya mililita 100 elfu ishirini na tano, wiki ya tatu nafungua nimpake mtoto, yananuka karanga zilizochacha. Nikaigeuza juani, chini kuna tope jeupe kama uji.

Lebo na rangi kila mtu anaziongelea, mi nasema angalieni MASHAPO. Mafuta ya mlonge yenyewe hayachachi haraka, asidi ya oleiki, aina ya mafuta isiyochacha upesi, peke yake ni kama asilimia 70, ila ukiyaacha na chenga za mashudu na unyevu yanaharibika, na wauzaji wengi wanakamua jioni asubuhi wanajaza chupa, hata kuyaacha yatulie siku mbili tatu wachuje hawana muda.

Sasa huku Arusha baridi inachanganya watu. Mafuta mazuri yakipigwa na baridi yanafanya ukungu, hiyo ni asidi ya beheniki, aina nyingine ya mafuta iliyomo humo, inaganda, shika chupa viganjani dakika kadhaa yanakuwa angavu. Yakipata joto na tope bado lipo chini, rudisha.

Namba moja kwangu ni ya Dodoma, na sifichi, nanunua kwa mama mmoja wa Chamwino na simbadilishi. Kule mvua zikishaisha maganda yanakaukia mtini mpaka yanapasuka pande tatu, mbegu inatoka na vibawa vyake imekauka kabisa, anamenya, anakamua bila kuchoma, anatia chupa ya kahawia. Ukiyanusa kwa mbali kama njugu mbichi.

Namba mbili ni yaliyosafishwa kiwandani. Hayana harufu wala mashapo, kwa nywele yanatosha.

Yale ya kijani ni majani yameloweshwa kwenye mafuta mengine, siyo mafuta ya mbegu. Ya elfu tano mengi nashuku ni alizeti, weka friji, yasipofanya ukungu siyo mlonge.

Bei nayo inaniuma. Najua kilo ya mbegu inatoa mafuta kidogo, sibishi, lakini mama wa Chamwino ananiuzia elfu kumi na tano na anachuja mara mbili, huyu wa mjini amechukua ishirini na tano akanijazia mashudu, nimempigia ananiambia "dada, hiyo ndo asili yenyewe, tikisa kwanza". Nitikise nimpake mtoto uchafu? Hela yangu mpaka leo hajarudisha.