Redio ndogo ya masafa mafupi ya kwenda nayo porini: anza na mlango wa betri

Redio iliyonitia hasira ilikuwa nzuri, ndiyo maana hasira hazijaisha. Nyembamba, kioo kinang'aa, inanasa vituo kuliko umbo lake. Betri yake ilikuwa imefungiwa ndani, haitoki, nami sikujali. Si nina pawabenki? Usiku wa pili kambini chaji ikakata. Nikachomeka waya, kioo kikawaka, na bendi nzima ya mita 31, kipande kimoja cha masafa mafupi, ikageuka mngurumo, kama nzi ndani ya chupa. Nikichomoa, mtangazaji anasikika sekunde mbili tatu, kisha redio inazima. Nikichomeka, nzi wamerudi. Saa tatu nilikuwa nimeshalala.

Pawabenki hupandisha volti za betri yake hadi 5 kwa sakiti inayokata na kuunganisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kelele zake hutua humo humo tunamosikiliza, kati ya MHz 3 na 30. Yaani tunakimbia taa za LED na chaja za nyumbani, halafu kelele ile ile tunaibeba wenyewe begini.

Kwa hiyo spika na rangi waulize wengine. Mimi naigeuza redio, naangalia mgongoni.

Ya kwanza ni Tecsun PL-310ET. Sifichi, mimi ni mtu wa Tecsun, na anayetaka mwamuzi asiye na upande amekosea mlango. Inakula betri tatu za AA, zile za saa ya ukutani. Zikiisha unabadilisha kwa kupapasa, hata tochi huhitaji. Ukiweka za NiMH, zile zinazochajika, redio yenyewe inazichaji. Ifanye kazi hiyo nyumbani, si wakati unasikiliza. Masafa unayabonyeza kwa namba, tundu la antena ya nje lipo, na kituo jirani kikikuvamia unabana upana wa usikivu hadi kHz 1. Haina SSB, ile namna ya kurusha sauti wanayotumia wapenzi wa redio wanaorusha wenyewe, kwa hiyo mazungumzo yao utayasikia kama bata waliobanwa koo. Kwa matangazo ya kawaida hutaikosa.

Ya pili, Tecsun PL-330. Hii SSB inayo, na mkononi ni kitu kidogo kweli. Betri yake ni BL-5C, ile ile ya Nokia 1100. Inatoka! Nabeba mbili za akiba, nimezizungushia karatasi zisigusane na funguo, na uzito wake siusikii. Ingekuwa ya AA ningeipa nafasi ya kwanza bila kujiuliza.

Ya tatu ni XHDATA D-808: SSB, bendi ya ndege, na betri moja ya 18650, ya kuchaji na nene kuliko AA, inayotoka pia. Redio sina neno nayo. Neno ninalo na wauza betri. Nimeuziwa 18650 iliyoandikwa 9800 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, kwa wino mzuri tu. Betri nzuri za saizi hiyo huishia karibu na 3500. Ile yangu ilikuwa nyepesi mkononi kama ganda la yai, haikumaliza hata jioni moja, na nilipolalamika nikaambiwa redio yangu ndiyo inakula sana. Redio inakula! Siku hizi ya akiba naijaribu nyumbani kwanza, naiacha redio ikiimba mpaka izime, nikiwa na saa mkononi.

Sangean ATS-405 nayo ni ya AA tatu. Haina SSB, na sioni kinachoweza kunitoa kwa PL-310ET, ila ukiikuta kwa bei njema chukua.

Zile za sindano, unazozungusha kitufe kutafuta kituo, zinazojisifu bendi 9 au 12: ukiikohoa, kituo kimehama. Tupite.

Antena isikuumize kichwa. Mita saba za waya mwembamba uliofunikwa, kibanio mwisho mmoja kishike antena ya redio, mwisho wa pili urushe juu ya tawi. Waya ukizidi sana urefu, vituo vyenye nguvu vitaanza kujitokeza mahali pasipo pao.

Najua mtaniuliza Sony ICF-SW7600GR, iliyotoka 2001. AA nne, SSB, umeme wake safi. Kwa kipimo changu ingewashinda wote hapo juu. Lakini Sony hawaitengenezi tena, na wenye nazo wameshajua. Mtumba unauzwa kama dhahabu, eti "haijatumika". Nilimwomba muuzaji mmoja picha ya ndani ya chumba cha betri, nione kama spring zimeota kutu ya kijani. Akanitumia picha ya boksi. Nikaomba tena. Akanitumia boksi kwa upande wa pili.