Taa za kupigia picha pete na hereni nyumbani: ninazozipendekeza na ninazozikataa

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa akina dada wanaouza vito hapa Arusha ni yaleyale: pete ni ya fedha safi, jiwe ni tanzanite halisi, lakini kwenye picha inaonekana kama bati lenye madoa. Wengi wanailaumu simu na kuanza kudunduliza hela ya simu mpya. Simu haina kosa, dada zangu. Tatizo ni taa.

Chuma kilichosuguliwa kinafanya kazi ya kioo: kila kilicho mbele yake kinaonekana juu yake. Sasa maboksi mengi ya taa yana utepe wa balbu ndogondogo zilizoachwa wazi. Ukipigia humo picha ya kikapu au sabuni, hutaona shida. Weka pete uone: balbu zote zinajichora kwenye chuma, nukta kwa nukta, safu nzima, mpaka ndani ya jiwe. Ukizifuta kwa programu, kingo za jiwe nazo zinaharibika. Muuzaji atakusifia idadi ya balbu. Wewe muulize zimefunikwa na nini, tena uulize kabla ya bei.

Namba moja kwangu ni Godox TL30, na sifichi kwamba Godox ndiyo ninayoipenda. Ni taa ya fimbo, fupi, balbu zake zimekaa nyuma ya ganda jeupe lenye ukungu. Juu ya pete unapata mstari mmoja laini unaofuata mviringo wa chuma. Ina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Mwanga wake unarekebishika kutoka 2700 hadi 6500 Kelvin, yaani kutoka wa manjano hadi mweupe wa baridi, na hapo ndipo tanzanite inapofaidi. Jiwe hili la Mererani huelekea bluu kwenye mwanga wa mchana, na zambarau kwenye mwanga wa manjano. Piga picha mbili, pete ileile, pembe ileile, kila moja kwa mwanga wake, umtumie mteja zote. Hatarudi kusema umembadilishia jiwe.

Ukishakuwa nayo, nunua kigae kimoja cheusi kinachong'aa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Pete ikisimama juu yake unapata na taswira yake chini, kama iko juu ya maji. Ning'iniza karatasi ya kuokea keki kati ya taa na pete, mwanga utalainika zaidi. Kata kadi nyeusi, itoboe tundu la lenzi, piga kupitia hapo ili simu na vidole vyako visionekane kwenye chuma. Vipande viwili vyembamba vya kadi hiyohiyo, kimoja kila upande, vinaipa fedha kingo kali; bila hivyo inapotelea kwenye weupe.

Namba mbili ni boksi la kukunja la Foldio. Linashikana kwa sumaku na linafaa kwa seti nzima ya mkufu na hereni, ila weka ile karatasi ya kuokea mbele ya taa zake.

Visanduku vidogo vya bei rahisi vya USB viacheni kwa vitu visivyong'aa. Vingi ukipunguza mwanga, picha inaingia mistari. Ringlaiti, ile taa ya duara, msinunue kabisa kwa kazi hii, inaacha duara jeupe kwenye kila shanga. Kama hela haijatosha, dirisha lenye pazia jeupe linavishinda visanduku hivyo na ringlaiti, hasa Juni na Julai mawingu yakitanda mji mzima.

Kinachoniudhi ni madukani. Ukiuliza CRI, kile kipimo cha ukweli wa rangi kinachoishia 100 (msishuke chini ya 95), unajibiwa "hii ni ya kitaalamu". Duka moja hapa mjini walikataa kuniwashia taa mpaka nilipe kwanza, na bei waliyotaja wakasema ni kwa sababu mzigo umetoka Dar. Nauli ya basi haifiki nusu ya nyongeza ile. Nendeni na pete kidoleni, ombeni taa iwashwe, mwangalie chuma kabla ya kutoa hata shilingi. Wakigoma, duka la jirani nalo lina taa.