Sindano za Wachina Kilimani: mzee yuko sawa, shida ni kaunta

Wasee wenye migongo ya kukaa kwa kompyuta, nilienda moja ya zile kliniki za Wachina za akupancha (sindano nyembamba, hazina dawa ndani) huko Kilimani, Nairobi, upande wa Yaya Centre. Jina sitaji juu sitaki vita na mtu.

Ukiingia hakuna eksirei wala mashine ya kulia lia. Mzee anakushika mkono, anaweka vidole vitatu kwa kifundo kusoma mapigo, kwanza juu juu, halafu anafinya, anahamia mkono wa pili, haraka hana kabisa, kisha anakuambia toa ulimi anauangalia mpaka unaona haya. Kijana wa kutafsiri alisomea Kichina Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Nairobi (ile ya 2005, ya kwanza Afrika) na anaeleza vizuri kuliko madaktari wengi. Anasema qi (inasomwa "chi", ile nguvu ya uhai Wachina wanaamini iko mwilini) ndio inasukuma damu, inapasha mwili joto na kukukinga na magonjwa, kuna ile umezaliwa nayo na ile unatoa kwa chakula na hewa, na inapita kwa njia kubwa 12. Ikikwama mahali ni kama bomba la kanjo, hapa pamefurika huko mbele watu wanalia na ndoo. Mambo ya Huangdi Neijing hayo, kitabu cha tiba ya Kichina cha miaka kama 2,000.

Sasa sindano. Pakiti ilifunguliwa mbele yangu, poa. Moja ikaenda vidole vinne chini ya goti, upande wa nje, wanapaita Zusanli. Kuingia sikuskia kitu, lakini mzee alipoisokota kidogo mguu ukawa mzito, ganzi ikateremka hadi kwa nyayo, kijana akauliza "umeskia?" nikasema eeh, mzee akacheka. Kumbe hiyo ndio walikuwa wanangoja, ati qi imefika. Wakaniacha hapo nikalala fofofo, mama wa kitanda cha pili anasema nilikoroma vibaya sana.

Mgongo umelegea, hilo siwezi kataa. Kama ni qi ama ni kulala bila simu mtajaza wenyewe, juu hakuna mwanasayansi amewahi kuipima hiyo qi.

Na hapo ndipo kaunta waliniudhi. Natoa M-Pesa nilipe elfu mbili na mia tano, dada ananiletea bangili ya elfu nane ati inapima qi yako na kuituma kwa simu. Dada, mzee wako ametumia vidole, hii bangili inapima nini? "Ni teknolojia mpya, boss." Bado akaniwekea majani ya chai kwa karatasi, hayana lebo, hayana tarehe, nikayaacha hapo hapo.

Mzee nyota nne, kaunta sifuri. Kama uko na mimba waambie mapema, kuna sehemu kama ile katikati ya kidole gumba na cha shahada hawafai kukudunga. Na uende asubuhi na matatu ya 46, jioni hapo parking hupati.