Kwenda Santiago kwa miguu: Njia ya Kaskazini au Njia ya Kifaransa?

Zote mbili ni njia za hija zinazoishia kwenye kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, na kila moja ni kilomita 800 hivi, yaani wiki tano za kutembea. Tofauti utaisikia magotini. Njia ya Kaskazini inaanzia Irún na kufuata pwani: unapanda kilima, unaiona bahari, unashuka hadi ufukweni, kisha unapanda tena. Kati ya Deba na Markina ni vilima na msitu, maduka hakuna, na mvua ikinyesha tope linang'ang'ania viatu. Kwingine ni lami tupu, nayo huchosha nyayo kuliko mlima.

Njia ya Kifaransa, ukianzia mji wa Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, inakubana siku ya kwanza kwenye milima ya Pyrenees. Baada ya Burgos ni tambarare ya ngano isiyo na kivuli. Malazi ya mahujaji ni mengi na wenzako hawakosekani. Kuanzia Sarria, kilomita 100 na ushei za mwisho, ni msongamano.

Anayeanza aende ya Kifaransa. Mwenye magoti mazima na koti zuri la mvua ningempeleka Kaskazini, ila Septemba, si Agosti: Agosti Wahispania wenyewe wako ufukweni, na bei ya kitanda San Sebastián haishikiki.