Mkebe wa hisabati wa shilingi 3,000: rula nzuri, bikari ya kukaza

Nafundisha hisabati darasa la sita hapa Morogoro, na kila muhula ukifunguliwa wazazi huniuliza wanunue mkebe gani. Safari hii nimenunua ule wa bati wenye kifuniko cha bluu, unaouzwa kwenye meza za vifaa vya shule. Hauna jina la kiwanda. Ndani mna rula ya sentimita 15, bikari, kipimapembe, pembetatu mbili za plastiki, penseli fupi, kichongeo na ufutio.

Rula kwanza, maana ndiyo inayoshikwa kila siku. Chukua karatasi ya A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, uikunje katikati ya ule upande mrefu. Unabaki na milimita 148.5, hivyo ukilaza rula hapo, ukingo wa karatasi uishie milimita moja na nusu kabla ya 15. Rula yangu ilisoma hapo hapo. Ya mkebe mwingine, meza hiyo hiyo, karatasi iliipita alama ya 15.

Mzazi ataona kosa kama hilo la karibu milimita 2 si kitu. Lakini mpe mtoto achore darasa lake kwa skeli ya 1:100: milimita 2 za karatasini ni sentimita 20 za sakafuni. Amepima kwa makini, amezidisha sawasawa, na jibu bado linakataa. Nimewaona watoto wakikata tamaa na uwiano kwa sababu hii, wakidhani vichwa vyao ni vizito, kumbe tatizo ni kifaa walichonunuliwa. Jambo hili linaniuma.

Bikari ndiyo iliyoniudhi. Ipanue sentimita 5, chora duara, halafu bila kuibadilisha tembeza ncha yake juu ya mstari wa duara, alama kwa alama. Hatua ya sita lazima irudi pale ulipoanzia, kwa kuwa nusukipenyo huingia mara sita kamili kuzunguka duara. Yangu ilipitiliza. Skrubu ya juu ni legevu, miguu inafunguka kidogo kidogo kila unapozungusha. Niliikaza kwa bisibisi ndogo ya fundi saa, nikarudia, ikafunga vizuri. Mtoto wa darasa la nne hawezi kujikazia, na darasani hatuna bisibisi.

Kipimapembe kiko sawa. Nimekilaza juu ya pembe ya 60 ya ile pembetatu vikalingana, na namba zake zinasomeka hata ukikaa nyuma ya darasa penye mwanga hafifu. Penseli inavunjika ncha. Ufutio unachafua daftari, nunua mwingine.

Kwa shilingi 3,000 mkebe huu naupendekeza, ila usilipe kabla ya kupima. Nenda na karatasi yako ya A4 na penseli, mwombe muuzaji afungue mikebe miwili mitatu. Wengi hawakatai, na huyu wa kwangu alivutiwa akaanza kuzipima rula zake zote. Usipopata bikari inayobana, chukua mkebe kwa ajili ya rula na pembetatu, kisha tafuta bikari ya chuma inayouzwa peke yake, yenye skrubu unayoweza kuikaza kwa vidole.